Tulivyopiga Frii Mlima wa Geti

Mdogo wangu aliniomba tuzime injini tuteremke frii mlima wa geti la Ngorongoro, nami nikakubali. Ningeweza kukataa. Mimi ndiye niliyezaliwa mbele, mimi ndiye niliyekuwa na leseni, na ufunguo wa gari ulikuwa upande wangu. Nilisema, "Haya, tuzime," kwa sauti ya mtu anayekubali kuongezewa chai. Sasa ni mzee, wajukuu hunishika mkono kuvuka mfereji, na bado kuna siku naamka nikitafuta namna nyingine ya kumjibu.

Frii, kwa ambaye hajawahi kuendesha gari la zamani, ni kutoa gia na kuliacha gari literemke kwa uzito wake. Miaka ile baada ya vita, petroli ilipokuwa ya kibali, kila dereva wa barabara zetu alipiga frii, na wengine walizima na injini kabisa. Lilikuwa jambo la kujisifia. Kwenye vibanda vya chai vya Karatu ungewasikia madereva wakibishana nani alizima wapi akawasha wapi, kama vijana wanavyobishana juu ya mpira.

Sisi tulikuwa na sababu ya ziada. Lori letu lilikuwa la tani saba, la petroli, mali ya ushirika wa wakulima wa Mbulumbulu. Msimu wa mavuno tulibeba ngano na mahindi. Nje ya msimu tulikodishwa na yeyote mwenye mzigo. Pampu yake ya maji, ile inayoyasukuma maji yazunguke kati ya injini na rejeta, ilikufa beringi na sili yake ya kuzuia maji yasivuje. Nilikwenda Arusha kutafuta nyingine, nikapita duka baada ya duka. Wenye maduka walikuwa wamepanga makasha ya spea kwenye rafu vizuri kabisa, yenye picha, na ukiomba moja lilishushwa likiwa jepesi, maana ndani hamkuwa na kitu. Mwenye duka mmoja aliniambia, "Kijana, nikikwambia ipo nitakuwa nakutania." Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, na waliovusha spea kwa njia za porini walivusha za magari madogo.

Fundi wetu wa Karatu akafanya kama walivyofanya mafundi wote wakati ule. Badala ya beringi alichonga bushi kwa shaba ya bomba la zamani, na badala ya sili alikata duara za ngozi ya ng'ombe, akaziloweka kwenye mafuta ya mkia wa kondoo, akazishindilia mahali pake. Pampu ikafanya kazi. Lakini ngozi ni ngozi. Ikiwa na mafuta inaziba; ikikaa kwenye joto muda mrefu inakauka, inasinyaa, na maji yanaanza kudondoka. Kwa hiyo tulisafiri na kopo la mafuta ya kondoo, na mdogo wangu akawa mtu wa kupaka. Kila tuliposimama alifungua boneti, akachovya kidole, akapaka kwenye shafti huku akiimba kwa puani wimbo wa kwaya. Gari zima lilinuka mchuzi. Abiria walituuliza kama tunapika.

Alikuwa utingo wangu, lakini si utingo wa kubeba mizigo tu. Alikuwa mwanamume mwenye ndevu na mchumba, na mikono yake ilikuwa na akili kuliko yangu. Mashambani, ambako hakuna askari, yeye ndiye aliyeliendesha lori lile kwenye matuta ya ngano, na alilitoa kwenye tope nililokuwa nimeshindwa mimi. Kitu kimoja tu alikikosa: leseni. Mwaka uliotangulia alikuwa amejiandaa, na siku ya kupimwa gari likawa bovu. Safari hii tulipata habari kwamba askari anayepima madereva atakuja Karatu, atapima asubuhi moja tu, kisha ataondoka. Ushirika ulikuwa umemwahidi lori la pili akipata leseni. Mama alikuwa amemshonea shati la siku hiyo. Kwa hiyo tulipotumwa Wasso na magunia ya mahindi nilimwahidi kwamba siku ya kupimwa itatukuta Karatu, yeye na gari lenyewe, maana angepimiwa kwenye lori lile lile.

Kwenda hakukuwa na shida kubwa. Shida ilikuja tukirudi. Tulikuwa tumebeba ngozi kavu za ng'ombe na abiria waliokaa juu yake: wauzaji wawili watatu, mama mmoja mzee wa Kimaasai kutoka Soitsambu aliyekuwa anampelekea binti yake mbuzi, na mzee mmoja wa kwetu, mfanyabiashara wa tumbaku, ambaye hakuacha kusema tangu alipopanda. Tulilala njiani nyikani, na asubuhi, kabla hatujaenda mbali, sindano ya geji ya joto ilianza kupanda. Mdogo wangu akapaka mafuta. Ikashuka. Ikapanda tena. Kufikia saa sita tulikuwa tunasimama kila kilima, na akiba yetu ya maji ilikuwa inakwisha.

Tukaanza kuwaomba abiria.

"Yeyo," mdogo wangu alimwambia yule mama mzee, akisimama chini na sufuria, "tusaidie maji kidogo."

Mama alimtazama kutoka juu ya ngozi. Kibuyu chake alikuwa amekikumbatia. "Gari lenu lina kiu kuliko ndama wangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Ndama akinywa anashiba. Hili linakunywa, linakojoa."

"Ni kweli, yeyo. Ni mgonjwa."

"Nikikupa yote mimi nitakunywa nini? Petroli?"

Watu walicheka, naye akacheka, kisha akammiminia nusu. Mzee wa tumbaku akatoa chupa yake akinung'unika kwamba amelipa nauli mpaka Karatu, hakuambiwa kwamba atainywesha mashine.

"Aako," mdogo wangu alimwambia, kama tunavyowaita wazee kwetu, "kesho nikipata leseni yangu, safari yako ya kwanza ni bure."

"Mimi sipandi gari la dereva wa leo na kesho."

"Basi utapanda keshokutwa."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na wasiwasi, nilimwona akitazama jua kila mara, lakini hakuacha kuwachekesha watu. Geti la Ngorongoro lilikuwa linafungwa jioni. Likifungwa kabla hatujapita, tungelala huko juu kwenye baridi, na asubuhi tungefunguliwa wakati mtahini ameshaanza kazi. Hilo tulilijua wote wawili.

Kupanda kutoka nyikani hadi ukingo wa kreta kulikuwa mateso. Shuleni nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne. Nilijua maji huchemka upesi zaidi mahali pa juu. Nililijua hilo nikiwa nimeshika usukani, nikitazama mvuke ukitoka pembeni mwa boneti. Kwenye mlima wa mwisho abiria walishuka wakatembea. Mdogo wangu alitembea kando ya tairi la nyuma na kabari begani, tayari kuitupa chini gari likirudi. Ile kabari aliichonga mwenyewe kwa mti mgumu wa msituni, nzito kama mtoto wa miaka miwili, na ilikuwa na mnyororo wa kuining'iniza nyuma ya kebini. Aliipenda. Aliipaka hata mafuta ya kondoo isipasuke.

Tulifika ukingoni ukungu umeshatanda. Pale juu unapaswa kuliona bonde lote chini yako, lakini siku ile hukuona hata miti ya ng'ambo ya barabara. Niliegesha. Maji yalichemka ndani ya rejeta kwa sauti ya chungu cha maharage. Mdogo wangu alifungua boneti, akasubiri, akafunika kifuniko kwa gunia na kukizungusha polepole mpaka mvuke ukaisha. Kisha akachungulia.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Kuna harufu ya maji."

Tulikuwa tumebaki na maji yasiyojaza hata robo ya rejeta. Kulikuwa na chemchemi, mwendo wa kutosha kuteremka msituni, karibu na nyumba za wafanyakazi wa hifadhi. Kwenda na kurudi na madebe, halafu kungoja injini ipoe ili isipasuke kichwa kwa maji ya baridi: geti lingekuwa limefungwa zamani.

Alisimama mbele yangu akijifuta mikono kwenye suruali. "Kaka," alisema, "kutoka hapa ni mteremko mtupu mpaka getini. Tukizima, haihitaji maji. Pale getini kuna bomba. Tunajaza, tunafika nyumbani."

Sasa lazima niseme jambo ambalo yeye alilijua na mimi nililijua. Breki za lori lile zilisaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikiwa imezimwa, ulibaki na msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu, basi. Baada ya hapo pedeli inakuwa gogo. Breki ya mkono ilikuwa imeisha siku nyingi, nayo haikuwa na spea. Kwa hiyo tulikuwa na sheria yetu. Niliitunga mimi, nikamfundisha yeye siku ya kwanza aliposhika usukani: frii ya kuzima ni ya vilima vya kule tambarare tu, mlima wa geti hatupigi frii, hata kama rais yumo ndani. Aliikariri kama amri ya kumi na moja.

"Na sheria?" nilimuuliza.

"Sheria ni yako, kaka. Ukiitengua imetenguka."

Alisema akitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yananiomba. Nilimwona akilini amevaa shati lake jipya la kesho. Nilifikiria mama atakavyonitazama tusipofika. Na nitasema kweli: nilifikiria pia vile vibanda vya chai, na dereva atakayesema kwamba amezima ukingoni akawasha getini. Hakuna aliyekuwa amesema hivyo bado.

"Haya," nikasema. "Tuzime."

Abiria wakapanda. Mzee wa tumbaku akainama dirishani. "Dereva, mbona injini haiungurumi?"

"Tunapiga frii, aako."

"Frii? Nilivyolipa nauli hii, hiyo frii ni ya nani?"

Nikatoa hendibreki isiyoshika, mdogo wangu akaondoa kabari chini ya tairi, akaitundika kwenye mnyororo wake, akarukia ndani, na lori likaanza kwenda lenyewe.

Mwanzoni lilikuwa jambo zuri, na ndiyo maana wengi walilipenda. Kimya. Ulisikia matairi kwenye changarawe iliyolowa, matone yakidondoka kutoka kwenye miti, mbuzi akilia nyuma. Sindano ya geji iliteremka kidogo. Mdogo wangu aliigonga kwa ukucha na kusema, "Unaona? Inapumua." Upande wa kushoto, upande wake, kulikuwa na ukuta wa udongo mwekundu uliochongwa walipokata barabara. Upande wa kulia, upande wangu, kulikuwa na vilele vya miti. Miti mirefu sana, na mimi nilikuwa nikivitazama vilele vyake.

Kona ya kwanza nilikanyaga breki, ikashika vizuri. Kona ya pili nilikanyaga, ikashika, lakini nilisikia pedeli ikiwa nzito chini ya kiatu. Nikasema moyoni, kona ya tatu nitatia gia. Barabara ilikuwa na utelezi kuliko nilivyodhani, na ngozi zile kavu zilikuwa zimekunywa ukungu tangu mchana, zimeongezeka uzito.

Kabla ya kona ya tatu mteremko ulikuwa mkali. Nilikanyaga. Pedeli haikwenda. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili nikiwa nimejiinua kwenye kiti, na mwendo ukapungua kidogo tu, tukaipita kona ile tukiwa katikati ya barabara.

"Kaka, tia gia."

Nilikanyaga klachi nikasukuma gia ya tatu. Ilisaga. Injini ikiwa imezima huwezi kuipandisha kasi ili meno yakutane. Gia inasaga tu. Nilijaribu ya nne. Ikasaga. Niliwasha ufunguo nikabonyeza starta. Betri yetu ilikuwa ya kuombewa, na injini ilikuwa ya moto. Ikakoroma, ikakoroma, ikanyamaza.

Nyuma watu walikuwa wameelewa. Walikuwa hawapigi kelele. Nilisikia sauti moja tu, ya yule mama mzee, akimwita Mungu wa kwao, Enkai, Enkai, kwa utulivu kama anaita mtu aliye chumba cha pili.

Mdogo wangu alifungua mlango wake. Alitoka akasimama kwenye ngazi ya mlango, mkono mmoja umeshika nguzo ya kioo, wa pili ukifungua mnyororo wa kabari. Upepo ulikuwa unampeperusha koti. Akainamisha kichwa kunitazama.

"Ile kona ya mtini," alisema. "Hatuimalizi."

Niliijua. Barabara inakata ghafla, na asiyekata anakwenda moja kwa moja kwenye korongo. Kabla ya kona ile ukuta wa udongo unaendelea kwa kipande kifupi. Kama ningeweza kulisugua lori kwenye ukuta mwendo ukiwa umepungua, lingesimama. Kwa mwendo tuliokuwa nao lingegonga ukuta na kutupwa upande wa pili.

"Niambie lini," alisema.

Nimefikiria mara nyingi kwamba hata hapo kulikuwa na nafasi ya kumwambia rudi ndani. Tungejaribu ukuta bila kabari. Labda tungekufa wote, labda hapana. Sikumwambia. Nilingoja mpaka nikaona ukuta umekaribia, nikasema, "Ruka."

Aliruka na kabari mikononi. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona akipiga hatua kubwa mbili mbele ya tairi la nyuma, akaitupa kabari chini yake sawasawa kama alivyofanya mara mia. Tairi likaipanda, lori likatetemeka lote, mwendo ukakatika, na nyuma ikavutwa upande wa kushoto. Nilikata usukani kwenye ukuta. Udongo uliingia kebini. Tukasugua, tukasugua, tukasimama. Mbele yangu, karibu kiasi cha kutupa kofia, barabara ilikuwa inakata kona.

Nikasikia mbuzi akilia. Halafu nikasikia mzee wa tumbaku, kwa mara ya kwanza siku ile akizungumza polepole: "Dereva. Njoo huku."

Mdogo wangu alikuwa ameteleza mtaroni. Tairi lilipoisukuma kabari liliipeleka juu yake, na mguu wake wa kushoto ulikuwa kati ya kabari na tairi, chini ya goti. Yule mama mzee alikuwa ameshashuka, sijui alishukaje, amekaa kwenye tope, ameweka kichwa cha mdogo wangu mapajani. Alivua mkanda wake wa ngozi akaufunga juu ya goti, akaukaza kwa fimbo. Sisi wengine tulichimba udongo kwa mikono mpaka tukamtoa.

"Wote wapo?" aliniuliza.

"Wote wapo."

"Kabari ilishika?"

"Ilishika."

"Nilikwambia ule ni mti mzuri." Kisha akafumba macho, akauma mkono wa koti lake.

Mzee wa tumbaku alikimbia kwa miguu mpaka getini, mtu wa umri wake, kwenye ukungu. Watu wa geti walikuja na gari lao, wakampeleka mdogo wangu hospitali. Geti walilifungua kwa ajili yetu. Lilikuwa tayari limefungwa.

Asubuhi yake mtahini alifika Karatu, akapima waliokuwepo, akaondoka. Asubuhi ile ile daktari aliukata mguu.

Kama habari ingekwisha hapo ningesema ni ajali. Ajali zilikuwa nyingi, na magari yote yalikuwa mabovu. Lakini haikuishia hapo, kwa sababu watu walikuja kuuliza.

Askari aliuliza nani aliamua kuzima injini. Nilijibu, "Mdogo wangu aliomba." Kamati ya ushirika iliniita, ikauliza hilo hilo, nikajibu hivyo hivyo. Baba aliniuliza akiwa amekaa mlangoni, hanitazami, nikamjibu kwamba aliomba mwenyewe, kwa ajili ya leseni yake. Kila neno lilikuwa la kweli. Hakuna mahali niliposema uongo. Niliacha tu kusema sehemu inayofuata, kwamba aliomba kwangu, na kwamba aliyejibu ni mimi. Kamati iliniachia kazi yangu. Mtu asiye na mguu haulizwi sana, anaonewa huruma tu, na kijijini huruma ikaanza kuwa na maneno ndani yake: yule kijana aliyejiponza kwa haraka ya leseni.

Siku moja nilimkuta hospitalini na mjomba wetu. Mjomba alikuwa mtu wa maneno yasiyochujwa. Alikuwa ameshika kofia yake, akimtazama mgonjwa, akasema, "Kumbe ulijitakia mwenyewe, mwanangu. Kaka yako ametueleza."

Mdogo wangu alijiinua kwenye mto. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja kwenye ile ngazi ya mlango nimwambie lini. Nilijua anachongoja. Sentensi moja ingetosha. Nilitazama sakafu, ilikuwa imetoka kudekiwa, nikasema, "Ni kweli aliomba."

Akageuza uso. Mjomba alipokwisha kwenda, alisema, "Dereva, nipe maji."

Nilidhani ni utani. Nilicheka hata. Nikampa maji.

Lakini hakuniita tena kaka. Nyumbani, mbele ya mama, kanisani, mahali popote, nilikuwa dereva. Alilisema bila ukali, kwa heshima hata, kama abiria anavyomwita mtu asiyemjua. Mama alimgombeza mwanzoni. Kisha akazoea, jambo lililoniuma zaidi.

Mchumba wake hakumwacha, wakaoana. Alijifunza kutengeneza redio, kazi ya kukaa. Baadaye alihamia upande ule ule tuliotoka safari ile, Soitsambu, akafungua kibanda. Watu wanasema yule mama mzee ndiye aliyemtafutia mahali pa kujenga, kwamba alimwita "mwanangu" mpaka alipokufa. Nilimtembelea mara moja. Alinikaribisha vizuri. Alimwambia mkewe, "Mletee dereva chai." Tulizungumza juu ya mvua na bei ya betri za redio. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu yote tayari, nimeyapanga njia nzima kwenye basi: kwamba aliyekubali ni mimi, kwamba nilipaswa kusema hivyo mbele ya mjomba na baba na kamati. Chai ilipokwisha nikaaga. Nilijiambia nitasema safari nyingine.

Maduka ya Arusha yalijaa tena baada ya mpaka kufunguliwa na mambo kulegezwa. Siku moja niliingia kwenye duka lile lile la mtu aliyekataa kunitania. Alishusha kasha la pampu ya maji kutoka kwenye rafu, akaniwekea mikononi. Lilikuwa zito. Nilisimama nalo mpaka akaniuliza kama naumwa.

Mdogo wangu alifariki kwa homa ya mapafu. Habari ilinifikia ameshazikwa. Hakuna aliyenificha, wala hakuna aliyekumbuka kuniita. Nilikwenda kuhani. Watoto wake, ambao sasa ni watu wazima, walinipokea mlangoni kwa adabu, hawanijui. Mmoja alimgeukia mama yake kuuliza mgeni ni nani. Shemeji alinitazama kidogo, kama mtu anayetafuta neno lililo sahihi, wala sidhani kwamba alikusudia kuniumiza. Alisema, "Ni dereva aliyefanya kazi na baba yenu."

Wakanipa kiti pamoja na wageni wengine.

Kukubali kwangu pale ukingoni kulimkata mdogo wangu mguu na kazi aliyoitaka. Kunyamaza kwangu kulikofuata kulinipotezea mdogo wangu mwenyewe. Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume, na alikufa mimi nikiwa si kaka wa mtu.